Mahali si nukta tu: Wanauchumi na wanajiografia katika mji mmoja

Swali la kwa nini mji wa Nairobi upo mahali ulipo ni la kawaida katika madarasa yetu, na jibu lake limekaririwa mno hata halimshughulishi tena mwanafunzi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapo mwaka wa 1899. Palikuwa na maji na uwanda tambarare. Wahandisi nao walihitaji kituo kikubwa kabla ya kuupanda mlima na kuliteremkia Bonde la Ufa. Jibu hilo ni sahihi, lakini lina upungufu. Linaeleza jinsi mji ulivyozaliwa, wala halielezi kwa nini uliendelea kukua baada ya wahandisi kwenda zao, au ni nani aliyenufaika na kukua huko na nani aliyelipa gharama yake.

Taaluma mbili zimejitwika kazi ya kuujaza upungufu huo, nazo ni uchumi na jiografia. Zote mbili huiita kazi hiyo jiografia ya kiuchumi. Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi wasomi wake wamekuwa kama ndugu wawili walioachiwa shamba moja: kila mmoja hulima upande wake, na wakikutana mpakani aghalabu huwa ni kwa kuzozana. Nia ya makala haya ni kueleza kila ndugu anaona nini, anakosa kuona nini, na kwa nini mzozo huo unamhusu mwalimu aliyeko Wajir sawasawa na mwanafunzi aliyeko Kiambu. Kwani mzozo huu umekwisha kutoka vyuoni zamani, ukaingia katika maamuzi ya shilingi ya umma iende wapi.

Jicho la mwanauchumi

Tuanze na wanauchumi. Mwaka wa 1826 Mjerumani Johann Heinrich von Thünen, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba kubwa, alichapisha kitabu ambamo aliuwaza mji mmoja uliozungukwa na uwanda usio na mlima wala tofauti ya rutuba. Akauliza wakulima wa uwanda huo watazalisha nini, na wapi. Jibu lake ni kwamba umbali wa kutoka sokoni utakipanga kila kitu kwa miduara. Maziwa na mboga, ambavyo huharibika upesi, vitatoka karibu na mji. Nafaka itatoka mbali zaidi. Na mifugo, ambayo huweza kujipeleka sokoni kwa miguu yake, itatoka mbali kabisa. Mwanafunzi atakayefuatilia chakula cha Nairobi, yaani maziwa na mboga za Kiambu, mahindi ya Trans Nzoia, ng'ombe na mbuzi wa Kaskazini, atashangaa kuona jinsi mzee huyo wa karne ya 19 alivyokaribia ukweli wa nchi ambayo hakuijua, hata kama mifugo ya leo hupanda lori.

Mwaka wa 1890 Mwingereza Alfred Marshall alieleza kwa nini mafundi wa kazi moja hupenda kukaa pamoja. Alisema kwamba kukaa pamoja huwapa wafanyakazi wenye ujuzi, huwavuta wauzaji wa vifaa, na huzifanya siri za kazi zienee miongoni mwao bila shule. Anayetaka kulithibitisha hilo na aende Kamukunji, wanakofuliwa majiko, karai na yale masanduku ya bati ambayo yamewasindikiza watoto wetu katika shule za bweni kwa vizazi kadhaa. Fundi akihama Kamukunji aende kufanya kazi peke yake mtaani atakuwa amewakwepa washindani, lakini atakuwa amemwacha pia mteja, mwenye kumkopesha bati, na jirani wa kumwazima chombo.

Mjerumani mwingine, Alfred Weber, aliongeza kanuni ya viwanda mwaka wa 1909: malighafi inayopoteza uzito hukivuta kiwanda kwake. Ndiyo maana viwanda vya Muhoroni, Chemelil na Mumias vilijengwa katikati ya mashamba ya miwa. Takriban tani 10 za miwa hutoa tani 1 ya sukari, na hakuna mwenye hesabu zake atakayelipa nauli ya makapi hadi Mombasa.

Mawazo haya yalikaa pembeni ya uchumi kwa muda mrefu, mpaka mwaka wa 1991 Mmarekani Paul Krugman alipoyaweka katika lugha ya hisabati ambayo wanauchumi wenzake hawangeweza kuipuuza. Hoja yake inaelezeka bila hisabati. Chukua mikoa miwili inayolingana kwa kila kitu. Kiwanda kina gharama kubwa ya kukianzisha, kwa hiyo ni nafuu kujenga kimoja kikubwa kuliko viwili vidogo. Kitajengwa wapi? Karibu na wateja wengi. Na wateja wengi wako wapi? Palipo na viwanda, kwa sababu wafanyakazi ndio hao hao wateja. Basi mkoa mmoja ukitangulia kwa hatua moja tu, hata kwa bahati, viwanda na watu hufuatana huko, na mwingine hubaki ukiuza mazao ya shamba.

Krugman alipenda kutoa mfano wa mji wa Dalton, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Mwaka wa 1895 msichana aitwaye Catherine Evans alishona kitandiko kiwe zawadi ya arusi, kwa ufundi ambao ulikuwa karibu kusahauliwa. Majirani wakajifunza, biashara ikaota, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji huo ukawa kitovu cha utengenezaji wa mazulia nchini humo. Kazi ya Krugman juu ya biashara na mahali ilimpatia tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2008.

Nguvu ya maelezo ya aina hii ni uchache wake. Mwanauchumi huivua nchi mavazi yake yote, akaacha mifupa: umbali, gharama, bei, idadi ya watu. Hufanya hivyo makusudi, apate kanuni inayoweza kujaribiwa Kenya, Ujerumani na Georgia pia. Anayemcheka kwa kuusahau mlima hajaelewa kazi yake. Ameuondoa ili ajue kama mji ungekua hata kama mlima haungalikuwapo.

Jicho la mwanajiografia

Lakini wanajiografia walipoisoma kazi ya Krugman, wengi hawakufurahi. Sababu moja ni ya kihistoria. Katika miaka ya 1950 na 1960 wao wenyewe walikuwa wameyakumbatia mahesabu hayo hayo. Mmoja wao, Edward Soja, alichapisha mwaka wa 1968 kitabu kizima kuhusu Kenya, ambamo alitumia takwimu za barabara, posta, simu na mambo kama hayo kuonyesha jinsi alichokiita usasa kilivyosambaa nchini kwa kuifuata njia ya reli na makao ya walowezi. Baadaye Soja na wenzake wengi waliyaona mahesabu hayo kuwa hayatoshi. David Harvey, aliyeandika mwaka wa 1969 kitabu cha kutetea mbinu za kisayansi katika jiografia, aliandika kingine mwaka wa 1973 juu ya haki ya kijamii mijini. Kwa hiyo wanauchumi walipobisha hodi mwaka wa 1991, waliingia katika nyumba ambayo wenyeji walikuwa wamekwisha kuihama. Ron Martin, mwanajiografia wa Cambridge, aliandika mwaka wa 1999 kwamba taaluma hiyo iliyojiita mpya haikuwa mpya sana, wala haikuwa jiografia.

Ni kitu gani basi walichokiona kuwa kimekosekana? Turudi Nairobi. Katika hesabu ya Krugman, mfanyakazi huhamia palipo na mshahara mnono. Mwanajiografia atauliza: je, mfanyakazi wa Nairobi ya kikoloni alihama kwa hiari hiyo? Ardhi ya malisho ya Wamaasai ilichukuliwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Kodi ya nyumba ilimlazimisha mwanamume kutafuta fedha ambazo shamba lake halikumpa. Kipande kilichoning'inizwa shingoni kiliamua aende wapi na akae hadi lini. Alipofika mjini alitengewa mitaa ya mashariki, kama vile Pumwani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilhali Wazungu walijichukulia miinuko yenye hewa safi. Mshahara aliolipwa ulikadiriwa kumtosha mtu mmoja asiye na jamaa, kwa kuwa mkewe na watoto walitarajiwa kujilisha kwa jembe huko kijijini. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyelima Machakos au Nyeri alikuwa akikilipia kiwanda cha Nairobi sehemu ya mshahara, bila jina lake kuandikwa popote.

Jambo hilo halimo katika umbali wala katika nauli. Limo katika uhusiano baina ya mahali pamoja na pengine, na katika mamlaka ya wale walioupanga. Mwingereza Doreen Massey alilieleza kwa ufasaha katika kitabu chake cha mwaka wa 1984. Kwa maoni yake, kila mahali pamejengwa kwa matabaka ya historia, uwekezaji mmoja ukilala juu ya mwingine, na hali ya ndani ya mahali hutokana na nafasi yake katika mgawanyo mpana wa kazi. Tazama Naivasha. Maua hukuzwa kando ya ziwa kwa mikono ya wafanyakazi wetu, lakini sehemu yake kubwa kwa miaka mingi imepangiwa bei mnadani Aalsmeer, Uholanzi. Huwezi kuieleza Naivasha kwa kuitazama Naivasha peke yake, wala kwa kuihesabia kilomita tu. Hata Dalton ya Krugman ina upande huu: mwanajiografia hatatosheka na kitandiko cha arusi, atataka kujua ni akina nani wanaosimama mashineni, na kwa nini katika miaka ya 1990 wengi wao walitoka Mexico.

Ni haki kusema kwamba wanauchumi hawakubaki walipokuwa. Mwaka wa 2017 Rémi Jedwab, Edward Kerby na Alexander Moradi walichapisha utafiti kuhusu reli ya kikoloni ya Kenya. Walionyesha kwamba reli iliamua walowezi wakae wapi na miji iote wapi, na kwamba miji hiyo iliendelea kutawala hata baada ya walowezi kuondoka na reli yenyewe kudhoofika, kwa sababu kila mwekezaji mpya alikwenda palipo na wenzake. Ramani ya Soja na hesabu ya Krugman zimekutana hapo. Jarida la kuziunganisha taaluma hizi mbili nalo lilianzishwa mwaka wa 2001. Lakini kusoma jarida moja si kusema lugha moja.

Hapa, huku na humu

Mtu wa taaluma ya lugha anaweza kuongeza neno hapa. Kiswahili kina ngeli ya mahali yenye viambishi vitatu, na kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa kuvitenganisha. Pa- huonyesha mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ku- huonyesha upande, mwendo, au eneo lisilo na mipaka dhahiri. Mu- huonyesha ndani. Ingawa katika mazungumzo ya kila siku "kuna" imewameza wenzake, mtu asemaye kwamba mjini pana viwanda, kuna viwanda na mna viwanda hajarudia jambo moja mara tatu.

Wanauchumi tuliowataja ni mabingwa wa pa- na ku-. Huuliza kwa nini kiwanda kiwe hapa kisiwe pale, na ni gharama gani kutoka huku kwenda kule. Wanajiografia wa baada ya miaka ya 1970 ni mabingwa wa mu-. Huuliza humo ndani mna nani, mna sheria gani, mna kumbukumbu gani, na huo mlango umefunguliwa na nani. Massey alisisitiza zaidi kwamba mu- haieleweki bila ku-. Mwanauchumi asiye na mu- atachukua matokeo ya historia ayaite hali ya asili. Mwanajiografia asiye na pa- na ku- atatuandikia maelezo marefu ya mtaa mmoja, yenye huruma nyingi, bila kutuambia kama mtaa wa pili utakuwa hivyo, wala nini kingetokea endapo jambo moja lingebadilishwa. Na kila mmoja ana kinga yake ya maneno: huyu hujificha nyuma ya alama za hisabati, yule nyuma ya nadharia ambazo mwalimu wa kawaida hazifungui kwa ufunguo wowote.

Shilingi iende wapi?

Msomaji anaweza kudhani huu ni ubishi wa watu walioshiba. La hasha. Mwaka wa 1965 serikali yetu ilitoa Waraka Nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, kazi ya wizara iliyoongozwa na Tom Mboya. Waraka huo ulieleza kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe mahali zitakapoongeza pato kwa wingi zaidi. Ulitoa mfano wa pauni milioni 1 inayoweza kuongeza pato kwa pauni 20,000 katika eneo moja na kwa pauni 100,000 katika eneo jingine. Busara, ulisema, ni kuchagua la pili, kisha ziada itumiwe kulisaidia la kwanza. Maeneo yaliyopewa kipaumbele ni yale yenye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri, umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo.

Kwa mantiki ya pa- na ku-, hesabu hiyo haina kasoro. Lakini iingize mu- uone. Njia za usafiri na umeme hazikushuka na mvua. Ziliwekwa na serikali ya kikoloni palipokuwa na walowezi. Kaskazini ilifungwa kwa sheria za 1902 na 1934, watu wasiingie wala kutoka bila kibali. Kuwaambia baadaye wakazi wa huko kwamba hawakupewa barabara kwa sababu hawana barabara, na kuongeza kwamba wenzao ndio walio tayari kwa maendeleo, ni kuigeuza historia kuwa tabia ya watu. Ile ziada iliyoahidiwa nayo haikuwafikia kwa kiasi cha kuziba pengo. Laiti ingeliziba, Katiba ya 2010 isingelazimika kuunda Hazina ya Usawazishaji, ambayo hutengewa nusu ya asilimia 1 ya mapato ya taifa kwa miaka 20 kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa.

Ubishi huo haukwisha. Mwaka wa 2009 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya maendeleo kuhusu jiografia ya kiuchumi, ikisema kwamba ukuaji hauwezi kuwa sawa kila mahali na kwamba ni heri kuwaunganisha watu na miji kuliko kuvitawanya viwanda. Wanajiografia wengi waliikosoa kwa kuisahau siasa. Mwaka wa 2020 Seneti yetu ilikwama kwa majuma mengi juu ya kanuni ya kugawanya fedha za kaunti 47, hadi mwezi Septemba. Upande mmoja ulitaka fedha zifuate watu. Mwingine ulitaka ukubwa wa ardhi na umaskini upewe uzito. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4 katika takriban kilomita mraba 700, ilhali Marsabit ilikuwa na watu 459,785 katika eneo linalokaribia mara 100 ya hilo. Je, kliniki moja inahudumia watu wangapi? Hilo ni swali la pa-. Je, mama mjamzito atatembea mbali kiasi gani kuifikia? Hilo ni la ku-. Je, akifika atahudumiwa na nani, kwa lugha gani, na kwa nini kliniki haikujengwa miaka 50 iliyopita? Hilo ni la mu-. Maseneta walibishana kana kwamba moja kati ya hayo lingeyajibu yote.

Chukua pia barabara ya Isiolo hadi Moyale, ya takriban kilomita 500, iliyokamilika kutiwa lami katika muongo wa 2010. Safari iliyoyachukua malori siku kadhaa imefupishwa mno, na hakuna anayeijua njia ya zamani atakayelia kwa kuipoteza. Lakini Krugman mwenyewe anatufundisha tahadhari: gharama ya usafiri ikishuka, bidhaa za mji mkubwa hufika kwa urahisi pembezoni, na fundi mdogo wa huko huweza kuzidiwa kabla hajasimama. Barabara ni mlango, na mlango hauchagui wa kuingia na wa kutoka. Mwanajiografia naye atauliza faida ya ng'ombe anayefika Nairobi kwa haraka inabaki kwa mfugaji, kwa dalali, au kwa mwenye lori. Mpangaji wa nchi anayelipuuza mojawapo ya maswali hayo atajenga lami nzuri kisha ashangae kwa nini umaskini haukuipanda basi ukaondoka.

Ushauri kwa walimu ni mwepesi kuutekeleza. Wapeleke wanafunzi katika soko lililo karibu na shule, uwagawanye makundi mawili. Kundi la kwanza lihesabu: bidhaa zimetoka wapi, nauli ni kiasi gani, kwa nini wauza viatu wote wamekaa safu moja. Kundi la pili liulize: kiwanja hiki kilikuwa cha nani, nani hutoza ushuru, nani hukaa kivulini na nani juani, wanawake wanauza nini na wanaume nini. Kisha makundi yabadilishane madaftari, kila moja lieleze ni kipi katika majibu yake hakiwezi kueleweka bila majibu ya wenzake.

Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo mara moja atakuwa amejifunza jambo ambalo maprofesa wamelizozania tangu mwaka wa 1991. Na siku atakapoketi ofisini, aletewe ramani ya nchi na fedha za kugawa, huenda akakumbuka kwamba kila nukta kwenye ramani hiyo ina ndani yake, na kwamba humo mna watu.